Wanga Ndani ya Soksi

Upepo wa Isyonje ulikula sauti zote.
Siku tatu tulirekodi shambani kwa Mama Tusekile,
kofia ya manyoya ya maikrofoni tumeisahau Soweto, juu ya kabati.
Tuliporudi mjini Gwamaka akabonyeza, tukasikiliza:
vuuu. Mwanamke anafungua mdomo, vuuu.
Jembe linapanda, linashuka, halina neno.

"Picha ninazo," akasema. "Wewe ndiye sauti. Nitengenezee."

Basi nikatundika mablanketi dirishani,
nikazima friji la mwenye nyumba, maziwa yake yanisamehe,
nikangoja bajaji ya mwisho ipite, mbwa wachoke,
kwaya ya jirani imalize kurudia ubeti uleule wanaoukosea.
Saa saba usiku Mbeya hunyamaza. Inabaki baridi,
na baridi haina sauti;
hiyo pia ilinibidi kuitengeneza.

Jalidi: wanga wa mahindi ndani ya soksi.
Uminye karibu na kinasa, kru, kru,
tayari ni alfajiri ya Julai na mtu anakwenda shamba.
Kiazi kikitoka ardhini: beseni la udongo mbichi,
kidole gumba, na subira.
Mvua: mchele ukiteleza kwenye ungo, kilo nzima;
tukaula kesho yake pamoja na vumbi lake.
Lumbesa ikishonwa hulia kama mkanda wa suruali ukinyongwa.
Niliunyonga wangu mpaka ukakatika.
Mlango wa jikoni: kabati langu, bawaba ya chini.
Nyayo: raba zangu, mguu, mguu, mguu, sawasawa.

Mwalimu Kilasi aliuliza, kalamu sikioni:
"Hii ni filamu ya hali halisi. Uhalisi uko wapi, kwenye soksi?"
Nikamwambia upepo nao ulikuwa halisi
na ulitudhulumu. Akaandika kitu. Sikukisoma.

Tukampelekea mwenyewe. Ghala la viazi, shuka kwa misumari,
watoto mbele, wachuuzi nyuma juu ya magunia.
Mama Tusekile akajiona, akaziba mdomo kwa ncha ya kitenge.
Kisha akaanza kucheka.

"Huyo nani anatembea?"
Ni wewe, mama.
"Uso wangu. Miguu siyo. Mimi naburuta wa kushoto
tangu gunia liliponiangukia Uyole,
mwaka ule viazi vilipotuozea njiani.
Waulize wanangu. Walikuwa wakinisikia nikiwa bado mtoni,
wakaficha sukari."
Ghala zima likacheka, nami nikacheka, masikio yanawaka.
Siku tatu nilimfuata, nikitazama mikono.

Ikaja mvua ya mchele. Mchuuzi mmoja akainua macho kuangalia bati.
Hilo nililiweka moyoni, nilikuwa na njaa ya kitu.

Ukaja mlango.
Kabati langu likalia ukutani, iii-ngwe,
naye akaacha kucheka.
"Rudisha."
Gwamaka akarudisha. Iii-ngwe.
"Tena."
Watoto wakaanza kusukumana.
"Mlango huo uliungua," akasema, "pamoja na jiko la kwanza,
Anyosisye akiwa bado hai. Huu wa sasa wa bati hauongei.
Mmeutoa wapi?"

Gwamaka akanitazama mimi.
Mimi nikatazama soksi zangu.

Alfajiri nikamwomba atembee tu, asifanye lingine.
Akatangulia kwenye tuta, nami hatua kumi nyuma,
kinasa nimekifunika kwa blanketi kama mtoto mwenye homa.
Kru, shaaa. Kru, shaaa.
Jalidi ya kweli ilisikika kidogo mno.
Haikufikia wanga.

Nyayo tumezibadilisha.
Mlango nimeuacha ulivyo.
Mwenzangu wa chumba analalamika kila usiku,
amenunua mafuta ya cherehani, yapo dirishani.
Nimemwambia atie popote apendapo,
bawaba ya chini asiiguse.