Bibo la Mirihi

Newala, usiku, Mama hulala na sikio wazi.
Pu!
"Hilo la mkorosho wa mpakani, kwa Chilumba.
Limeangukia mchanga, si majani."
Taa hawashi.

Mimi niko Mtwara, bando likinipungukia,
nasoma mstari uliotetemeka:
kule Mirihi chombo kimelaza sikio vumbini,
kimondo kimetua mbali,
wimbi likazama gandani, likagonga mwamba mwingine,
likarudi limechelewa kidogo.
Kuchelewa huko ndiko rula yangu.

Nampigia alfajiri: ganda lina kilomita arobaini,
pengine pungufu, na shimo jipya
lingemeza uwanja wetu wa mpira, magoli yote mawili.

Ananyamaza. Nasikia ufagio wake chini ya mikorosho.
"Na hilo," auliza, "kaliokota nani?"