Tauba

Umeliinua gari, Nkwabi, tumeliona.
Springi mpya, bushi mpya, tairi za kukanyagia mwamba,
mkeo anapandia kreti la soda
na watoto wa Igogo wanapita chini yake bila kuinama.
Hapo nimeongeza chumvi, lakini kidogo tu.

Sasa umekuja na tela, na boti ya faiba juu yake,
na chuma cha mnadani kilichonyooka kama rula,
unasema, Nyanjige, nichomelee hii tauba
nishike njia ya Kayenze kabla jua halijakomaa.

Ngoja.
Masalu, lete futi.

Lisawazishe tela kwanza,
hadi tone la pimamaji litulie katikati.
Ardhi hadi kikombe cha tela: inchi kumi na nane.
Haya, njoo kwenye gari.
Ardhi hadi tundu: ishirini na sita.
Nane, Nkwabi.
Hizo nane ulizinunua siku uliyomlipa fundi wa springi;
hakukwambia kwamba zina deni.

Ukilifunga hivi hivi, tela litainua pua
kama mbuzi anayenusa mvua,
mzigo utakimbilia mkiani,
boti itaanza kukataa, huku, huku, huku,
nawe kwenye usukani utadhani ni upepo wa ziwa.

Baba alifunga moja ya hivyo,
mwaka ule magugumaji yalipoziba gati.
Mteja alikuwa na haraka, kama wewe.
Kwenye matuta ya Ilemela tela likaruka kwenye mpira wake,
likaingia bandani kwa mama muuza dagaa.
Hakufa mtu.
Dagaa walimwagika lamini kama misumari
na baba akawaokota, mmoja mmoja, hadi magharibi.
Mteja alikwishaondoka.
Tangu siku hiyo alipima mara mbili.
Mimi napima mara tatu, na bado siku nyingine
naamka usiku kwenda kuangalia pini ya mtu.

Yako ni hii hapa, yenye shingo inayoshuka.
Matundu sita, pini mbili;
leo unavuta boti, kesho tela la mchanga, unaihamisha tu.
Ni nzito, ndiyo. Shingo ndefu ni wenzo,
na wenzo haumsamehe mwenye chuma chembamba.
Unakunja uso kwa bei. Kunja.
Ukishaishusha boti majini, ichomoe uiweke ndani,
la sivyo italima mawe yote ya ufukweni kwa niaba yako.

Mpira uwe wa saizi ya kikombe chake,
si ule wa "unaingia tu".
Kinachoingia tu, hutoka tu.
Minyororo ipishane chini
kama mikono ya mkunga.
Na boti isogeze mbele, bado, bado kidogo,
mpaka ukiinua shingo ya tela kiuno kikujibu.
Hapo.

Unayatazama mawe ya kilimani,
yalivyokaliana miaka yote bila pini wala nati.
Najua unachotaka kusema.
Lakini yale hayaendi Kayenze.

Shehe wa msikiti wa jirani, mwezi wake wa kwanza hapa,
akisikia tauba asubuhi, tauba mchana,
alidhani gereji nzima imeongoka.
Akaja kutupa mkono.
Akamkuta Masalu anamtukana nati aliyegoma.

Haya, nenda. Polepole kwenye matuta.
Ukifika Igombe simama, gusa kikombe kwa kiganja:
kikiwa cha moto, nipigie.
Kutoka mlangoni naona gari liko juu kama ulivyotaka,
tela limelala sawa kama meza,
na katikati yao inchi nane zimenyamaza.

Nkwabi!
Kreti umelisahau.
Mkeo atashukaje?