Nafasi Imejaa

Meza yangu iko chini ya ngazi, Mtaa wa Narung'ombe,
upana wake mswala mmoja, hauzidi.
Taa moja, solda moja, bisibisi kumi na nne,
na mswaki wa marehemu mjomba ninaosugulia kutu.
Watu hunipita wakienda kununua simu mpya.
Hunikumbuka zikizama.

Jangwani ilipofurika mwezi wa nne
waliniletea simu ndani ya mifuko ya mchele.
Nikawaambia, mchele rudisheni jikoni,
simu niachieni mimi na spiriti.
Wengine waliacha vyote viwili.
Erasto, kijana wangu wa kazi, alipika wiki nzima.

Kamera ni ugonjwa wangu mwenyewe, hauna mteja.
Nazinunua Buguruni kwa kilo, kwenye vyuma chakavu,
zimelaliana na pasi na vichwa vya cherehani.
Hii ya Kirusi ilikuwa na kuvu kwenye lenzi,
utando mweupe, kama mdomo wa mtoto aliyelala ananyonya.
Nimeifungua mara tatu.
Mara mbili nilibaki na skrubu moja mkononi
na kamera imefungika vizuri kabisa,
nikajua bado hatujaelewana.

Ukiiweka kwenye nusu sekunde, husita.
Naipima kwa sikio, sina chombo kingine:
inafumbua jicho, inakaa, inakaa,
kama mtu aliyeulizwa jina la mkwe wa zamani,
halafu ndipo, ta!

Basi nilikuwa naitia tone la mafuta kwa ncha ya sindano
alipokuja Bi Chausiku wa Magomeni Mapipa,
kitochi ndani ya leso, leso ndani ya mfuko,
mfuko ndani ya mkoba.
Kitufe cha tano kimefutika. Kioo kina ufa.
"Kitengeneze," akasema, "ila usifute kitu.
Ukifuta hata kimoja tutaonana kwa mjumbe."

Nikabadili tundu la chaji, nikasugua,
kikapiga ule mlio wa kuamka tunaoujua wote,
na maandishi yakatoka: NAFASI IMEJAA.
Mama, nikamwambia, humu haiingii hata salamu.
"Najua. Mwaka wa kumi na moja huu."
Akabonyeza mwenyewe, kidole kinaijua njia bila macho,
akanigeuzia kioo nisome.

Nilitegemea mapenzi.
Ilikuwa: Nunua kiberiti.
Ilikuwa: Nipo Ubungo, foleni.
Yule fundi bomba kaja?
Na ya mwisho, saa nne na dakika kumi usiku:
Nachelewa. Usitie komeo.

Nikakosa la kusema, nikauliza la kijinga:
majirani hawaogopi wezi?
"Wanalalamika. Redio ilishaibwa, na jiko la gesi.
Mlango nausindika tu."

Mikono ikatafuta kazi. Nikainua kamera
nijaribu shata kwenye mwanga wa barabara,
naye yupo katikati ya mwanga.
Akadhani. Akavuta mtandio, akafuta jasho juu ya mdomo,
akakaa wima kwenye stuli ya plastiki
kama watu walivyokaa enzi picha ilipokuwa gharama.
Nikabonyeza.
Jicho likafumbuka,
nusu sekunde kamili, bila kusita.
Ta.

"Itatoka lini?"

Mkanda hauuzwi tena mtaa wangu.
Erasto ananikodolea macho, solda inafuka moshi bure.
Ningeweza kusema kesho. Mafundi wa mji huu husema kesho
na hawajafa.
Nikasema: Mama, humu hamna mkanda.

Akafikiri. Akarudisha kitochi kwenye leso,
leso kwenye mfuko. Akahesabu elfu nane,
nikamrudishia tatu, akazikataa, nikazirudisha tena.
"Basi utafute," akasema akisimama.
"Alhamisi nakuja na nguo nyingine."