Mbuzi wa Bi Rayya

Nilipomwambia kaka yangu Mundhir nasomea tiba ya kazi
alicheka hadi kahawa ikamwagikia busati.
"Kwani kazi inaumwa nini?"
Sikumjibu. Nilikuwa na miaka thelathini na sita,
watoto watatu, begi lenye jina la mwanangu mgongoni,
na mtihani wa mifupa ya kiganja Jumapili asubuhi.

Mifupa minane. Naihesabu nikiosha sufuria,
naihesabu kwenye taa nyekundu nikiingia Ibra,
na kila mara mmoja unanipotea
kama pini kwenye zulia.

Wiki ya tatu mwalimu Thuwaiba alitufunga mikono ya kulia
kwa vitambaa, toka saa mbili hadi adhuhuri.
"Leo mmepooza. Haya, vaeni soksi."
Msichana wa Sinaw alilizwa na kifuniko cha mtindi.
Mimi nilifungua chupa kwa meno,
maji yakanishukia kifuani,
nikamkumbuka mama, mwaka wake wa mwisho,
tulivyomlisha mbiombio tuwahi shughuli zetu
wala hatukumuuliza hata siku moja
kama kijiko angependa kukishika mwenyewe.

Kisha hospitali. Kitanda cha dirishani, Bi Rayya,
kiharusi kimemchukulia upande wa kulia
na Kiarabu chote, miaka hamsini na kitu ya Kiarabu,
kikamwachia Kiswahili cha Wete, cha utotoni.
Na jalada lake limeandikwa kwa wino mweusi:
*Amechanganyikiwa. Anaomba mbuzi.*
Muuguzi alikuwa akimtania: Idi bado mbali, bibi.

Nikalisoma mara tatu. Nikainama sikioni.
"Mbuzi wa kuchinja, au wa kukalia?"
Akageuza shingo polepole,
akanitazama kama mtu aliyesikia mlango wa kwao ukifunguliwa.
"Wa kukunia, mwanangu. Weye wamjua nani
akaliaye mbuzi mwenye mkia?"

Wa kwetu alikuwa stoo, chini ya mazulia,
meno yana kutu, mguu mmoja unacheza.
Nilimwacha barazani usiku; asubuhi nikakuta
msumari mpya, na Mundhir amekwenda kazini bila neno.

Mwalimu alikataa asikaliwe: kiti kifupi, ataanguka.
Tukambana mezani kwa vibano viwili.
"Mbuzi mezani!" Bi Rayya akasema. "Dunia imekwisha."
Nami kwenye daftari nilishaipasua kazi vipande vipande,
kushika, kukandamiza, kuzungusha, kupumzika,
kurasa mbili kwa jambo ambalo yeye
alilifanya miaka yote huku akigombeza watoto.

Mkono mzima ukautangulia mzito, ukauweka juu ya kifuu.
Vidole havikutaka. Nikavifunika kwa vyangu,
si kusukuma, tulifunzwa, bali kungoja,
na kungoja ndilo somo lisilo na ukurasa.
Chini ya kidole gumba changu, pembeni mwa kifundo,
upande wa kidole cha mwisho,
kitu kidogo kikasogea, kigumu, mviringo, kama punje ya dengu.
Nikakaribia kupiga kelele. Wa nane.

Siku ile ya kwanza: chembe tatu nyeupe kwenye sinia.
Nilizihesabu, nikazitia kwenye ripoti.
Mwanafunzi haruhusiwi kufuta maneno ya daktari,
kwa hiyo *amechanganyikiwa* bado lipo pale.
Chini yake niliandika, kwa Kiarabu, herufi zangu bora kabisa:
*Mbuzi: kifaa cha kukunia nazi. Mgonjwa anajua anachokitaka.*

Bi Rayya alichukua chembe moja kwa mkono wa kushoto,
akaitafuna muda mrefu, macho kafumba.
Nikasubiri dua, au machozi.
"Nazi kavu," akasema. "Nani kakuuzia?"