Nafasi Kati ya Herufi

Naitwa Mghoi Mwakio. Limeandikwa hapo jaladani,
na hiyo *gh* peke yake ilinila wiki mbili:
*g* ilikuwa ikimwegemea *h* kama mlevi
anayesindikizwa nyumbani.

Mmeniuliza nilikotoka.
Makongeni, nyumba za reli.
Na kabla sijalisikia neno usanifu
nilikuwa nimeshazika watu mia mbili na ushei
kwenye karatasi iliyokunjwa mara moja:
picha mbele, wasifu ndani, tenzi nyuma,
na chini kabisa, kwa herufi za mlazo,
*Familia inawashukuru nyote.*

Duka ni la shangazi Wakesho, Barabara ya Kirinyaga,
ghorofa ya kwanza, juu ya wauza vipuri.
Wafiwa walipanda ngazi na picha ya harusi,
wengine na kitambulisho tu.
Nilimtoa marehemu kwenye kitambulisho,
nikamfuta muhuri shavuni,
nikampa anga la samawati.
Kila mtu alitaka mawingu.
Hata wale waliodai hawataki makuu
walirudi kutoka mlangoni: basi weka mawingu mawili.

Kisha mzee Odongo.
Alizaliwa 1938; mimi nikachapa 1933.
Nakala mia tatu, na gari la maiti
lilikuwa linaunguruma tayari.
Shangazi hakunigombeza. Alinipa kalamu ya wino mweusi.
Tatu ina bahati: ukiiziba upande wa kushoto
inakuwa nane.
Nikaziba, nikaziba.
Kufika ya mia nilikuwa naijua nane,
kiuno chake, namna tumbo la chini
linavyopaswa kulizidi la juu kidogo, lisianguke.

Penye "elimu" mngeweza kuandika hilo.
Chuo kilikuja baadaye, ada ikalipwa vipande vipande.

Ukurasa wa tatu, tafadhali.
Tarakimu hizi niliziokota soko la Wakulima,
kwenye maboksi yaliyochanwa.
Nne hii ni ya Mama Syokau wa nyanya,
imeacha mdomo wazi kama inayosubiri kuongezwa.
Nilizichora upya, nikazinyoosha migongo,
mwalimu akanipa alama ambazo sijazipata tena.
Nikampelekea mwenyewe nakala kubwa, yenye rangi.
Akaitazama. "Nzuri. Lakini hizi zimeshiba."
Akaigeuza, akaandika bei ya siku nyuma yake.
Iko ukurasa wa nne. Nimepiga picha pande zote mbili.

Wa saba ni bili ya maji.
Nilifuta mistari kumi na minane,
nikabakiza deni, tarehe, na pa kulipia.
Jirani yetu, Bwana Shikuku, akaisoma kwa pumzi moja
halafu akanuna.
"Zamani deni lilikuwa linajificha," akasema.
"Wewe umelitoa uchi."
Sijui mpaka leo kama huko ni kufaulu.

Wa tisa urukeni. Nyuki anatabasamu.
Nilikuwa mwaka wa pili, na nilikuwa nimependa.

Mtindo wangu?
Hapo mtanisamehe.
Najua mfiwa hasomi, anapapasa kwa macho,
kwa hiyo jina likae pale jicho linapoanguka lenyewe.
Najua patupu si uvivu;
mteja atakwambia jaza, amelipia karatasi yote,
nawe utafute lugha ya kumwambia
kwamba hapo ndipo watu watakapohemea.
Mengine nitajifunza kwenu, au kwenye makosa,
yeyote atakayeniwahi.

Nimemaliza. Ukurasa wa mwisho ni namba yangu ya simu,
mkiona vema kuni...

Subirini.

Hiyo tatu ya mwishoni.
Katika nakala zote nne, eti?
Nne si nyingi.

Nani ana kalamu hapo?
Nyeusi, kama ipo.