Daftari la Msimu Uliokwisha

Ofisi ilipofungwa walinipa saa ya ukutani
na madaftari manne yasiyoandikwa,
yenye safu za kilo, daraja, malipo ya mkulima.
Miaka thelathini na moja nilipima kahawa ya watu,
sikuongeza gramu, sikula senti.
Moshi hii, toka Kiboriloni hadi Pasua,
ukisema Eliamani wa mizani, wanajua.

Sasa kwenye safu ya kilo naandika namba ya juu,
moyo unaposukuma.
Kwenye safu ya daraja, namba ya chini,
moyo unapojilaza kidogo kati ya pigo na pigo.
Safu ya malipo naiacha wazi.

Sista Aikaruwa wa zahanati ndiye aliyenifundisha.
"Keti kwanza dakika tano. Usikunje miguu.
Mkono mezani, usawa wa moyo. Na usiongee, mzee."
Usiongee! Mimi niliyezeeka nikibishana na wapagazi.
Mpira ukanikaba mkono kama mdai asiye na haya,
ukalegea, ukashusha pumzi:
mia na sabini na nane juu ya mia na nne.
"Lakini siumwi kitu."
"Ndivyo ilivyo," akasema. "Hii haipigi hodi."

Nikamkumbuka Ndetaramo wa meza ya pili.
Naye hakuumwa kitu,
hadi asubuhi ile alipotaka kunyanyua kalamu
na kalamu ikabaki mezani,
mdomo umeenda upande,
akituangalia kama sisi ndio tuliomfanyia.

Basi, vidonge. Ndeshukurwa akahamisha kopo la chumvi
akalipeleka asikokujua mtu.
Magadi ya kiburu akayapunguza kwa ncha ya kijiko,
kiburu kikawa barua isiyo na sahihi.
Harusini kwa Materu bakuli la kisusio lilinipita
likienda kwa wenye bahati.
Jioni nikawa natembea hadi daraja la Rau na kurudi,
nikisalimia mbwa wa kila geti.

Miezi mitatu, namba zikashuka.
Nikasema nimepona.
Nani anameza dawa ya kichwa kisichouma?
Vidonge nikavitia mfukoni, koti la kanisani,
daftari nikaendelea nalo.
Jumatatu: mia na ishirini juu ya themanini.
Jumanne: mia na ishirini juu ya themanini.
Jumatano hivyo hivyo.
Alhamisi nikashtuka, nikaweka mia na ishirini na mbili,
isionekane nimenakili.

Ndeshukurwa alikuwa anatafuta karatasi
ya kuandikia deni la maziwa.
Aliishia darasa la nne, lakini miaka yote hiyo
nilikuwa nikimwambia usiku, nikivua viatu:
hesabu iliyonyooka mno ndiyo ya kukagua.
"Baba Elisante," akaniita toka sebuleni,
"hata kahawa ya shamba moja
haitoi kilo zile zile siku tatu."
Akaleta koti. Akavipanga vidonge mezani
viwili viwili, kama anavyohesabu chenji.
Ishirini na sita.
Hakufoka. Akarudi jikoni kumenya ndizi,
na kisu chake nilikisikia
kuliko ningesikia matusi.

Nikaketi. Dakika tano za saa ile ya ukutani.
Miguu chini, mkono mezani, mdomo kimya.
Mia na sitini na sita juu ya tisini na nane.

Niliyafuta? Sikuyafuta.
Karani hafuti, anapiga mstari
ili kosa liendelee kusomeka.
Nikapiga mstari, nikaandika ya kweli
kwa kalamu nyekundu,
na kwenye safu ya malipo, kwa mara ya kwanza:
*nadaiwa.*

Kidonge kimoja, maji ya mtungini.
Nje mvua ilikuwa imeanza kwenye migomba
na jikoni kisu kimesimama.
"Kesho zahanati," akasema bila kugeuka.
"Na daftari unalibeba wewe."