Mwiko

Waliposema kutoka nje usiku ni mwiko
mimi nilikuwa jikoni, nimeshika mwiko.

Ghorofa ya nne, mtaa wa Patronato, Santiago,
juu ya duka la mwanangu la sweta na soksi.
Wali ulikuwa haujakauka maji.
Kwanza nilidhani ni bomba la jirani,
kile kikohozi cha chuma anapofungua maji ya kuoga.
Kisha kikohozi kikashuka ghorofa ya pili,
kikavuka barabara,
kikaingia kwa muuza viatu, mtu asiyesalimia.

Ta. Ta. Tata-ta.

Kihispania changu ni cha bei na saizi.
Yerko, kijana anayefungua mizigo dukani,
alikuwa amenieleza asubuhi kwa vidole:
nauli ya treni imepanda peso thelathini,
wanafunzi wameruka vizuizi vya tiketi.
Mmoja karuka, wa pili kamshikia mkoba,
wa tatu alikuwa anapita tu,
akaona aibu kulipa.
Hivyo tu?
Hivyo tu, bibi. Akacheka, kisha akaacha kucheka:
mama yake anasubiri kupasuliwa nyonga, mwaka wa nne huu.

Nikamwelewa. Kwetu pia hakuna aliyepiga tarumbeta.
Seoul, kila Jumamosi ya baridi ile,
dada yangu Malsuk alinipitia na vikombe viwili vya karatasi,
kavitoboa chini, kapenyeza mishumaa,
nta isituunguze vidole.
Wakasema mshumaa ni wa kuzimwa na upepo.
Wakaja wauza mishumaa ya betri;
biashara haikosi mguu penye watu.

Mwanangu hudhani nilikwenda kwa ujasiri.
Nilikwenda kwa deni.

Mwaka themanini na saba, mwezi wa sita,
saa kumi na mbili jioni, magari yalipiga honi mji mzima,
na sisi washonaji tukafunga madirisha:
kwa sababu ya moshi wa machozi, tulisema,
na kwa sababu ya msimamizi, hatukusema.
Okbun peke yake alishuka ngazi.
Cherehani yake ikabaki na sindano
imezama katikati ya kola.
Nikaumalizia mshono ule.
Ulinyooka sana.
Miaka ishirini na tisa niliuvaa shingoni.

Basi usiniulize kiongozi ni nani.
Askari alimwuliza Yerko hivyo, tochi usoni,
na Yerko, mchana kutwa akitafuta jina la kumpa,
alipata la mama yake tu, akalimeza.

Wahenga walilicheka debe tupu
kwamba haliachi kuvuma.
Hawakuuliza nani amelikomba.

Usiku ule barabara nzima ilitoa majiko yake madirishani.
Bi Eduvina wa ghorofa ya tatu, na sufuria ya maziwa isiyo na mkono.
Muuza viatu, na karai.
Mtoto fulani, kijiko cha chai juu ya kikombe cha bati,
nje kabisa ya mdundo, na hakuna aliyemsahihisha.

Sufuria yangu haikuwa tupu.
Hilo lilinisumbua kuliko askari.
Wali ulikuwa umeiva, mvuke juu,
na mwanangu kwenye simu: Mama, funga dirisha,
sisi ni wageni hapa.
Wageni. Neno zuri la kufungia dirisha.
Nilikuwa na mengine kama hilo, ya kiwandani.

Nikaupakua wali wote: bakuli, sahani,
hata beseni la kuoshea mboga.
Nikaikomba sufuria. Nikafungua.

Pigo langu la kwanza lilikuwa dogo, la kuomba radhi.
Chini yangu Eduvina,
ambaye tumejuana miaka miwili kwa harufu za mchuzi tu,
akainua uso,
akapunguza mwendo wake
ili nimfikie.